Amana ya Ghorofa ya Juu

Mpangaji akishuka ngazi na boksi la peasi, mwenye nyumba yeyote wa Daegu, Korea, anajua kuna habari. Bang Geum-ok alilipokea kwa mikono miwili. Hajaliweka chini, mwalimu Yeom akasema:

"Mama, tumepata nyumba karibu na shule. Tunahama mwishoni mwa Februari."

"Hongereni," alijibu, bado amelishika boksi.

Yeom na mkewe hawakulipa kodi ya mwezi. Kama wengi mtaani kwetu, waliingia kwa kuweka amana, won milioni mia na themanini, ambayo hurudishwa yote siku ya kuhama. Katikati hapo mwenye nyumba huizungusha apendavyo. Geum-ok, mjane aliyeshona mapazia sokoni mpaka vidole vikapinda, aliiweka katika mfuko wa uwekezaji wa Marekani uliotegemea hisa ya kampuni moja tu. Mfuko ulimlipa kila wiki. Akanunua dawa, akalipa gesi, na hakuangalia kwamba bei ya mfuko wenyewe ilikuwa ikishuka. Sasa kama angeuuza wote, angepata milioni mia na tano.

Kesho yake alimfuata wifi yake, Do Mal-hui, ambaye ndiye aliyemwonyesha mfuko huo. Alimkuta kwenye bafu la mvuke, amejinyoosha kwenye sakafu ya moto, anamenya yai.

"Huo wako ni wa kula, wifi," alisema Mal-hui. "Sasa unataka kuziba pengo. Hamia kwenye huu." Akamsogezea simu. "Kampuni ileile. Hisa ikipanda kumi kwa mia leo, huu unapanda ishirini."

"Ikishuka?"

"Wewe nawe! Mtu anakutafutia mchumba, unauliza atakufa lini."

Wanawake waliolala pembeni wakacheka. Geum-ok hakucheka.

"Nina kitambaa cha mita mia. Leo hisa imeshuka kumi, mfuko wako umekata ishirini. Nimebaki na themanini. Kesho hisa inapanda kumi, naongezewa ishirini kwa mia ya nini?"

"Ya hiyo themanini."

"Kumi na sita. Nina tisini na sita."

"Mita nne tu hizo!"

"Kwa siku mbili, wifi. Na wangu?"

Mal-hui akaliweka yai chini. "Wako hisa ikishuka, unashuka nayo. Ikipanda, sehemu kubwa ya huko kupanda wameshaiuza ili wakulipe. Hela hiyo isipotosha, wanachota humohumo mfukoni."

"Yaani walikuwa wananilipa hela yangu."

"Ya Yeom," alisema Mal-hui, kwa sauti ya chini.

Kisha Mal-hui akamshika mkono. "Jaribu nusu. Mpaka watakapohama tu. Ukinyamaza, nani atajua?"

Geum-ok akachukua simu yake. Kidole kilikaa juu ya kioo mpaka mwanga ukazimika, akauwasha tena. Akaagiza mfuko wote uuzwe soko likifunguliwa.

Kutoka hapo alikwenda kwa dalali kutangaza kwamba anapangisha sehemu yake mwenyewe, ya chini, kwa amana ya milioni sabini na tano. Ghorofa ya Yeom bado ilikuwa na watu; yake aliweza kuiachia mara moja. Yeye angehamia chumba kidogo kilichojengwa juu ya paa.

"Mama, kule Februari maji yanaganda bombani!" alisema dalali.

"Nitayachemsha."

Kisha akapanda kwa Yeom, akamweleza kila kitu akiwa amesimama. Mke wa Yeom, mwenye mimba kubwa, alikaa taratibu kwenye kiti. Yeom alikunja ngumi, akaikunjua.

"Zilizobaki nipe zikiingia tu. Usizishike hata siku moja."

"Sizishiki."

Hela za mfuko zilipoingia, alimpa zote. Zikabaki milioni sabini na tano, na wiki tatu kabla ya siku ya kuhama. Hisa ileile ikaruka. Mal-hui akapiga simu. "Nilikwambia! Ungekuwa umeziba nusu!"

"Nina wageni," alisema Geum-ok, akakata.

Wageni walikuwa mume na mke waliokuja kuangalia nyumba ya chini. Walifungua makabati, wakagonga kuta. Dalali akamvuta Geum-ok kando. "Wanauliza amana yao utaiweka wapi."

"Mimi nibakishe kidogo tu ya kuhamia paani," alianza kusema, akajizuia. "Hapana. Waambie inapanda ghorofani siku hiyohiyo, yote, kwa mwalimu. Wakitaka, waende naye benki."

Alipoambiwa, yule mume alitazama dari kwa muda, kana kwamba anamsikiliza mtu wa juu akitembea. Kisha akaomba kalamu atie sahihi.