Majina Tisa na Wengineo

Harufu ya mshumaa uliozimika huniudhi hadi leo. Hunirudisha mtaa wa Mbotela, kwenye nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la sita, miaka ya tisini ikianza, baridi ikipenya chini ya mlango na redio ikisoma matangazo ya vifo. Matangazo hayo niliyajua kwa moyo: marehemu ameacha mke, watoto fulani na fulani, na wengineo. Nikaamini ndivyo watu wazima wanavyoandika habari za wafu. Laiti ningekuwa na redio nyingine!

Nililala chumba kimoja na susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Kwa miaka mingi susu alikuwa mpishi wa Mama Klara, Myahudi aliyekimbilia Kenya kutoka Ujerumani kabla ya vita vikuu. Jamaa zake wa karibu walibaki kule, na Wanazi wakawaua wote, wazee kwa watoto, kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Hawana kaburi linalojulikana. Mama Klara hakuwa na mume wala mtoto. Mara moja kwa mwaka aliwasha mshumaa uliowaka mchana kutwa na usiku kucha, akataja majina kumi na manne, na kila jina akalifuatisha na jambo dogo la mwenyewe, maana hakutaka kutaja jina tupu. Susu alisimama kando yake mpaka akayashika yote. Mama Klara alipofariki, susu akaendelea kuyataja kwetu, mshumaa ukiwa ndani ya gilasi juu ya kabati la vyombo. Jamani, tulimcheka! Baba aliongeza sauti ya redio. Nyumba nzima, hakuna aliyeshika hata jina moja.

Mwaka huo susu alikwama katikati, akalitafuta jina hadi machozi yakamtoka. Lilimrudia, lakini aliogopa. Asubuhi akaninunulia daftari na kalamu. "Mueni, wewe una mwandiko mzuri," akasema. "Niandikie watu wa Klara, mmoja mmoja, na habari yake. Mimi sijui kusoma, na kichwa changu kimeanza kunikimbia."

Tukaanza na upande wa baba yake Klara. Emil, fundi saa, aliyekoroma akiwa ameketi. Roza, aliyeuza vifungo na kuwapa watoto vile vibovu. Susu alifumba macho, akitaja polepole, akingoja kalamu yangu inyamaze ndipo aendelee. Nje wasichana walikuwa wameshajaza soksi kuukuu magazeti ili iwe mpira wa kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati, nami ndiye niliyekuwa hodari wa kuukwepa. "Mueni! Unakam ama hukam?" Nilipofika jina la tisa, upande wa baba uliisha. Susu akaingia upande wa mama. Mimi nilikuwa nimegeuza uso dirishani. Nilisikia habari ya msichana aliyeogopa bata, nikacheka, sikuandika. Kisha nikaandika "na wengineo", nikapiga mstari chini kwa rula. Mpumbavu mimi!

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, susu."

"Wote?"

"Wote."

Akanitemea mate kidogo viganjani, baraka ya wazee wa kwetu. Akaichana karatasi kutoka daftarini, akaikunja, akaitia kwenye mkebe wa majani chai. "Sasa hata nikisahau, hawatapotea," akasema. Nami nikatoka mbio kucheza, viganja vikiwa bado na unyevu.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimnyang'anya susu mkono mmoja na maneno yote, ingawa alielewa kila kitu. Siku hizo ndipo alipofika mama mmoja wa ukoo wa mbali wa Klara, kutoka ng'ambo, akikusanya majina ya waliouawa ili kila mmoja awe na ukurasa wake wa kumbukumbu. Baba akamkabidhi karatasi yangu kwa fahari. Mgeni alinakili majina tisa huku akipangusa macho, kisha kalamu ikasimama. Akauliza hawa wengineo ni akina nani. Baba akamfasiria susu, akanigeukia mimi. Susu akainua mkono wake mzima kutoka kitandani, akakunjua vidole vitano. Alijitahidi kusema, ikatoka sauti tupu. Akanitazama mpaka nikakimbilia nje. Krismasi haikumkuta.

Leo uwanja wetu wa kati umejaa vibanda vya mitumba, nami nina watoto wanaoniambia, "Mathe, si utafute kwa simu tu?" Nimetafuta hadi nimechoka. Wale wa upande wa mama walikuwa na jina jingine la ukoo, na hilo nalo sikuliandika. Simu inajua idadi ya waliouawa, kila mtu anaitaja, na mimi hupandwa na hasira kila nikiisikia. Kila mwaka nawasha mshumaa. Nataja Emil, Roza, mpaka wa tisa, halafu nakunjua vidole vitano nikasimama pale kama zuzu. Yule msichana alipopita karibu na bata alishika sketi ya dada yake asiachie. Bata nawakumbuka. Sketi naikumbuka. Jina lake niliambiwa mimi, likatajwa polepole, na aliyelitaja akaningoja.