Siku Susu Alipochimbiwa Dawa

Juzi Jumamosi nilikuwa sokoni Machakos kutafuta ndengu, nikalikuta lile gari la kuuza dawa limesimama karibu na lango. Unalijua, rafiki yangu. Juu lina kipaza sauti chenye nguvu ya kupasua maboga, na ndani kuna kijana anayeahidi unga mmoja wa kijani utakaoponya magoti, presha, tumbo, ndoa, na mtoto aliyeshindwa na hesabu. Mzee mmoja mbele yangu alinunua pakiti, akaifungua hapo hapo, akalamba, akaenda zake. Hakuna aliyemtazama ulimi. Hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Nikabaki nimesimama na ndengu zangu, na ule uchungu wa unga ukanipanda puani, ukanibeba mzima mzima hadi Kola, kwenye jiko la nyanya yangu.

Sisi tulimwita susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Jiko lake lilikuwa na moshi wa kukaushia ng'ombe mzima. Kwenye boriti yalining'inia majani ya kiluma, ule mshubiri wetu wa porini, na kando yake kibuyu cha asali ambacho macho yetu hayakubanduka kwacho. Ukipiga chafya mara mbili tu, umekwisha. Majani ya mkaratusi yalichemshwa, ukaketishwa mbele ya sufuria, ukafunikwa blanketi, na ulipotoka humo ulikuwa mwekundu kama nyanya ya Kathiani na pua inapitisha hewa kama mlango wa kanisa. Koo likiwasha, maji ya chumvi. Na kila shule ilipofungwa tulipangwa mstari kunywa mwarobaini, wajukuu wote, huku mbwa akijificha kwa kuogopa ataitwa na yeye.

Lakini majani hayakuwa kitu bila amri, na susu alikuwa na amri moja kubwa kuliko zile kumi. Alisema, "Anayekuchimbia dawa ndiye mwenye mwili wako mpaka upone." Maana yake, akishachimba mzizi kwa ajili yako, huna neno tena. Akikwambia usile chumvi, huli. Akikwambia lala, unalala, hata kama ni mchana na mahindi yanaliwa na tumbili. Mwalimu mkuu wa shule yetu alichimbiwa dawa ya tumbo wiki ya harusi ya mwanawe. Mbuzi walichomwa hadi moshi ukafunika kilima, na mwalimu mkuu akakaa katikati ya moshi huo akila muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, bila chumvi, machozi yakimtoka, kwa sababu susu alikuwa ameketi meza ya pili akimwangalia.

Na amri hiyo ilikuwa na mkia. Mganga hajigangi. Susu hakuweza kujichimbia mwenyewe.

Basi ilikuwa msimu wa mvua, watu wako mashambani, susu akaenda kumchimbia mke wa jirani dawa ya kikohozi, akakanyaga mwiba wa mgunga. Siku ya kwanza alicheka. Aliutoa kwa sindano, akapakwa kiluma na mama, akatuambia mwiba ndio umeumia. Kesho yake hakucheka. Siku ya tatu hakuinuka kitandani, na mguu ulikuwa umevimba ukang'aa kama bilinganya. Mama alichukua kipande cha makaa akamchora mstari mweusi chini ya goti, pale uvimbe ulipofikia, ili tujue kama unashuka. Asubuhi tulipofunua blanketi, uvimbe ulikuwa umeuruka mstari. Mama akachora mwingine juu yake. Kufikia saa ya chai, huo nao umepitwa, akachora wa tatu.

Nilikuwa mtoto wa kike wa darasa la nne, na sijawahi kuogopa mstari wa makaa kama siku ile.

"Mama, twende hospitali," baba akasema.

"Baba yako alienda hospitali kwa miguu yake," susu akamjibu, meno yakigongana kwa homa. "Akarudi nyuma ya pikapu, amefunikwa. Mimi siendi."

"Lakini mwaitu," mama akabembeleza, akimwita mama kwa heshima ya kwetu, "mguu unapanda."

"Acha upande. Niitieni mtu wa kunichimbia."

"Nani sasa?"

Susu akageukia ukuta. "Si mnajua ni nani amebaki."

Tulijua. Aliyebaki akijua mizizi kilima kizima alikuwa mwanamke jirani wa ng'ambo ya mto, na huyo na susu hawakuwa wamesalimiana tangu mimi sijazaliwa. Jirani huyo alikuwa amesema mbele ya akina mama wa kanisa kwamba dawa ya susu ya kikohozi ni chai ya tangawizi iliyosahauliwa jikoni. Susu akajibu kwamba dawa ya jirani haiwezi kuponya hata njaa, na ugali uko hapo. Tangu siku hiyo, mmoja akiwa mtoni, mwingine alisubiri nyuma ya kichaka na mtungi wake, hata jua lingewaka kiasi gani.

Baba alivuka mto kwenda kumwita. Mama alibaki akizungukazunguka kitanda. "Hatakuja," akaninong'oneza. "Na akija, atakuja kucheka." Nje, watu walikuwa wameanza kujikusanya kwenye ua, kimya kimya, kama watu wanaosubiri habari wasiyoitaka. Susu alikuwa akiongea na babu, aliyekufa zamani, akimuuliza kama amefunga mbuzi.

Jirani wa ng'ambo alikuja. Alikuwa mwembamba kama fito, jembe begani, kiondo mgongoni, na akasimama mlangoni bila kubisha.

"Kumbe hii nyumba iko na mlango," akasema. "Niliambiwa wageni mnawaingizia dirishani."

Susu akafumbua macho. "Na wewe kumbe uko na miguu. Niliambiwa ilikatika, ndiyo maana huji."

"Sasa mwenye mguu wa kukatika ni nani hapa?"

Yule mwanamke alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. Akaunusa mguu. Akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale halijai. Akatazama mistari ya makaa, mmoja, wa pili, wa tatu, na uso wake ukabadilika. Kwenye ua kilima kizima kilikuwa kinasikiliza. Akimtibu susu na susu akapona, atakuwa malkia wa Kola mpaka Yesu arudi. Akisema hawezi, watasema hajui, na susu ndiye alikuwa anajua.

"Ukinichimbia," susu akasema taratibu, "chimba ile ya kule kwa mawe. Usiniletee takataka."

"Nyamaza. Mgonjwa haagizi."

Akainuka, akachukua jembe, akatoka. Tulidhani anaelekea kwenye mawe. Hakufika hata kwenye zizi. Alisimama hapo hapo uani mbele ya watu wote, akainua jembe, akalipiga ardhini pigo moja tu, likaingia hadi mpini. Akaliacha limesimama, akarudi ndani mikono mitupu.

"Nimechimba," akasema.

Susu akainua kichwa. "Umechimba nini?"

"Nimechimba hospitali. Amka."

"Hiyo si mzizi!"

"Nani mwenye mwili?"

Susu akavuta blanketi.

"Nakuuliza wewe uliyemnyima mwalimu nyama ya harusi ya mtoto wake. Nimechimba, watu wameona. Mwenye mwili ni nani?"

Nilimtazama susu, naye alikuwa anautazama mlango, ule ambao babu alitokea. Angeweza kukataa. Hakuna askari wala hakimu aliyekuwa akisimamia amri ile. Kilichokuwepo ni maisha yake yote ya kuwaambia wengine watii. Akafumba macho, kisha akamwambia mama, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nipe kitambaa changu kile cha kanisani. Siendi huko kama nimetoka kuchunga."

Walimtoa kwa mkokoteni wa punda hadi barabarani, na jirani wa ng'ambo akapanda naye, ameupakata ule mguu mapajani kama mtoto mchanga. Sisi watoto tukabaki. Hakukuwa na simu ya kupiga. Chakula kilipikwa hakikulika. Kila sauti ya gari tulikimbia kwenye ua, na kila gari lilipita.

Hatimaye likaja moja lililokata kona kuingia kwetu. Pikapu. Nyuma alikuwa ameketi jirani wa ng'ambo, na mbele yake mtu amelala, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Nilipiga yowe lililosikika mpaka Wote. Nikaanguka nikashika udongo. Shuka ikatikisika, ikafunuka, na susu akachungulia, amekasirika.

"Kelele za nini? Hatuwezi hata kujifunika vumbi? Ugoro wangu uko wapi?"

"Hakuna ugoro," jirani wa ng'ambo akasema.

Hospitali walikuwa wamempasua wakatoa kipande cha mwiba kilichobaki ndani. Baba alisema kilikuwa kama punje ya mchele, ila mimi kila nikisimulia kinarefuka, leo kimefika urefu wa penseli. Susu alipoteza kidole kimoja kidogo. Mguu ukabaki, na juu yake susu mwenyewe. Daktari alikuwa amesema wangechelewa kidogo tu, wangerudi kweli na mtu wa kufunikwa.

Baada ya hapo jirani wa ng'ambo alivuka mto kila asubuhi. Alisimama juu ya susu mpaka vidonge vimezwe, kisha akamwambia, "Fungua mdomo, nione." Aliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, akachungulia sufuria kama kuna mboga, na akauficha ugoro mahali ambapo hata leo haujaonekana. Susu alimtukana kwa Kikamba cha zamani ambacho wazazi walikataa kututafsiria. Lakini asubuhi jirani akichelewa, susu alikuwa wa kwanza kuuliza kama mto umejaa.

Desturi ilikuwa kwamba mgonjwa akishapona anampelekea aliyemchimbia kuku, naye anamwambia, "Nenda, mwili nimekurudishia." Susu alipona. Alitembea, akalima, akacheza ngoma ya harusi mbili tatu. Kuku hakumpeleka. Akiulizwa, alisema bado anamtafuta aliyenona. Alimtafuta kuku huyo mpaka nikamaliza shule, nikaolewa, nikarudi shule tena ya jioni nikiwa mama wa watu, na muda wote huo yule mwanamke alikuwa akivuka mto kila asubuhi kuja kumkagua ulimi.

Susu alipofariki, kwa uzee tu, alilala hakuamka. Jirani wa ng'ambo aliletwa kaburini ameshikwa huku na huku. Mchungaji alikuwa bado anaomba. Yeye akainama, akaokota udongo, akasema kama anayeongea na mtu aliyeketi karibu, "Haya. Nenda. Mwili nimekurudishia."

Naye hakukaa sana. Ng'ambo sasa kuna ploti zenye mabango, migunga imekatwa, na mto wenyewe unavukwa bila kuvua viatu. Mkaratusi bado ninachemsha nikiwa na mafua, na presha yangu nimepewa vidonge hospitalini. Viko kwenye kabati. Siku nyingine nameza, siku nyingine nasahau, na nikisahau hakuna anayekuja kusimama juu yangu na kuniambia nifungue mdomo. Mwili ni wangu mwenyewe kabisa, rafiki yangu. Sijui ni nani alisema hiyo ni bahati.