Pola Aanika Mashujaa Wake

Pola Mwambire wa Matsangoni aliacha kupaka kanta mwaka jana, na hakumwomba mtu ruhusa. Kanta ni ile rangi nyeusi ya nywele. Mjini watu huipaka kwa urembo. Kwao Pola mwanamke mzee huipaka ili alale salama, maana kichwa cheupe siku hizi kimekuwa ushahidi tosha wa uchawi. Ng'ombe akifa, mvua ikikosa, mtoto akishikwa na homa, watu hutazama huku na huku kutafuta mvi. Wako wazee waliokatwa mapanga na ndugu wa damu yao wenyewe kwa kosa hilo, na ukichunguza utakuta nyuma yake kuna kipande cha shamba.

Jedida, mke wa Kenga, ndiye aliyekuwa akimletea ile pakiti. Kenga ni mtoto wa kaka yake Pola, na boma lao ni moja.

"Shangazi, paka hata huku mbele tu," Jedida alimbembeleza. "Huko nyuma utafunga leso."

"Mimi ni mlango wa duka, nipakwe mbele tu?"

"Watu wanasema, shangazi."

"Waseme. Mdomo si wao? Nywele hizi nimezilisha mwenyewe tangu nyeusi, sizifichi sasa zimekomaa."

Jedida alicheka kidogo, lakini pakiti aliiacha juu ya meza, na macho yake hayakucheka.

Kenga ni mwendesha bodaboda. Mwaka huu alianguka mara mbili kwenye barabara kuu, na badala ya kutazama breki alikwenda kwa mganga. Mganga akamwambia kuna kitu cha mabawa ndani ya boma lake. Basi Jumapili moja Pola akiwa kanisani, Kenga aliingia nyumbani kwa shangazi yake, akavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, akalifungua. Alilolikuta likamkausha mate. Sanduku tele vitabu, na ndani ya vitabu, watu hewani! Wanaume wenye vitambaa mabegani wanapita juu ya mapaa ya nyumba. Mwanamke anatoa moto viganjani. Wote wanaruka, bila hata ungo.

Pola aliporudi alimkuta uwanjani na vijana watatu wa kijijini. Kitabu kimoja alikuwa amekishika kwa ncha za vidole kana kwamba kitamng'ata.

"Shangazi, hawa ni nani?"

"Shikamoo imekwenda wapi, Kenga?"

"Shikamoo. Hawa ni nani?"

"Marahaba. Hivyo ni vitabu vya katuni. Huyo ni shujaa na huyo anayepigwa ngumi ni mwizi."

"Anaruka."

"Anaruka, ndiyo."

"Usiku."

"Na mchana pia. Fungua ukurasa wa mbele uone."

Kijana mmoja alishikwa na kicheko, akakimeza. Kenga hakucheka. Alisema kilichomleta: Jumamosi asubuhi vitabu vile vichomwe pale uwanjani, watu wote waone. Pola apake nywele zake, afunge mizigo, aende kwa binti yake huko Junju, na sehemu yake ya shamba ibaki mikononi mwa Kenga. "Ukikataa, shangazi, mimi sitaweza kuwazuia watu." Hao watu walikuwa wale vijana watatu, na wote walikuwa wakitazama chini.

Pola akaelewa. Mtu akikubali mbele ya kijiji kwamba vitabu vyake ni vya kuchomwa, amekubali kuwa yeye ni mutsai, yaani mchawi kwa Kigiriama, na mchawi hata Junju atafuatwa. Na shamba lile lilikuwa kona aliyopewa na baba yake mzazi, kwa mdomo wake, wazee wakisikia.

Vitabu vile vilitoka Watamu. Miaka yake ya nguvu yote Pola aliimaliza akitandika vitanda katika hoteli moja huko. Sheria ya hoteli ilikuwa kwamba kitu alichosahau mgeni kinakwenda stoo, na mwenyewe asipokiulizia anapewa aliyekiokota. Wenzake waliomba Mungu waokote manukato na viatu. Pola aliokota vitabu vya katuni, vya Kiingereza na vya Kiitaliano. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini picha humshika mtu mkono, na Kiitaliano chake, ambacho mwanzo kilikuwa cha kuulizia taulo, kikafika mahali akawa anamsikia shujaa akilia na anajua analilia nini.

Alikuwako mgeni mmoja mzee, Mmarekani, aliyekuja kila Januari na begi lililojaa vitabu hivyo tupu. Huyo ndiye aliyemwonyesha kipi kilitangulia kipi. Kulikuwa na kitabu kinene chenye hadithi za mwanzo kabisa, za mwaka wa 1938. Shujaa wa kwanza aliyevaa kitambaa mabegani, kabla hajapigana na jitu lolote la kutoka nyota za mbali, anaingia katika nyumba ya watu na kumkamata mume anayempiga mkewe kwa mshipi. Yule mume, jeuri yote ile, akazimia kwa woga. Pola alikisoma kisa hicho saa ya chakula, amekaa juu ya rundo la mashuka. Wakati huo alikuwa na mume Gongoni, mfanyakazi wa chumvi, mwenye mkono mzito. Mwisho wa mwezi hakurudi Gongoni. Alishuka Matsangoni, kwa baba yake, na baba akampa ile kona.

Kisha mgeni akamweleza habari za moto. Baada ya vita vikuu, huko Marekani, wazazi na walimu na watu wa dini waliingiwa na hofu kwamba vitabu hivi vinaharibu watoto. Vikakusanywa viwanjani, vikatiwa kiberiti. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto, na vyake vilinyakuliwa na mwalimu. Wachapishaji wakatetemeka, wakajitungia muhuri mdogo wa kuweka kwenye kona ya jalada, kuonyesha kwamba kitabu kimekaguliwa na hakina baya. Pola aliwaona mashujaa wa miaka ya muhuri. Wameogeshwa, wamechanwa nywele, polisi wao hakosei hata siku moja. Unawasoma unapiga miayo.

Wakaja wengine, miaka ya sitini, mashujaa wenye mafua na kodi ya nyumba, wanaookoa mji mzima kisha wanagombezwa wakifika nyumbani. Akaja shujaa mweusi, mfalme wa nchi ya Afrika, na Pola siku hiyo alitandika vitanda akiimba. Akaja yule aliyemdaka msichana aliyempenda akianguka, msichana akafa hata hivyo, na kuanzia hapo kila aliyefungua kitabu alijua kwamba shujaa anaweza kushindwa.

Lakini kitabu ambacho Pola hakuchoka kukitazama hakikuwa na kisa kikubwa. Kilikuwa cha mwaka wa 1971. Mchapishaji alitaka kuwaonya vijana juu ya dawa za kulevya, wenye muhuri wakakataa hata kutajwa, naye akakitoa hivyo hivyo, kona ya jalada wazi. Watu wakakinunua. Mbingu hazikuanguka. Taratibu ule muhuri ukapoteza nguvu, na mwisho wake haukufutwa kwa amri ya mtu. Wachapishaji waliacha tu kuuweka, huyu leo, yule kesho, ukafa. Ndipo mwaka jana, akiwa na kitabu chenye muhuri mkono huu na kisicho nao mkono huu, Pola akaiona ile pakiti ya kanta mezani, akasema kwa sauti, peke yake nyumbani: "Kumbe muhuri wangu ni wewe!"

Basi Jumatatu alikwenda Malindi kwa Shekha, waliyefanya kazi pamoja, Shekha akiwa upande wa dobi. Shekha alimsikiliza hadi mwisho, akamjazia kikombe.

"Pola, mamangu, njoo ukae hapa kwangu. Chumba cha uani kitupu tangu binti yangu Mahira aolewe. Lete na sanduku lako."

"Nikikimbia nimekiri."

"Na wakikuua?"

"Shekha, kwani nimekwambia siogopi? Ila siondoki."

"Mwanamke una kichwa kigumu wewe! Hata huko kazini ulikuwa hivyo hivyo." Shekha akaweka kikombe chake chini. "Wanasema umevificha vitabu?"

"Chini ya kitanda, ati. Kama pembe za mganga."

"Basi vitoe. Kitu cha haya si hufichwa? Na cha kujivunia huanikwa." Akainuka, akarudi na mfuko mzima wa vibanio vya nguo. "Jumamosi nitakuwa kwako mapema, inshallah. Nataka nimwone huyo Kenga wako uso kwa uso."

Alikuja kweli, na buibui lake limejaa vumbi la njia. Wawili wale walifunga kamba kuanzia jikoni hadi nguzo ya zizi, ikarudi hadi ua, wakaanika vitabu kama walivyokuwa wakianika foronya, kimoja kimoja, kimefunguliwa katikati, vibanio viwili kila kimoja. Cha 1938 mwanzo wa kamba. Vyenye muhuri vikafuata, kisha visivyo nao. Pola alivua leso kichwani, akaifunga kiunoni.

Watu walikuja kuona moto. Walipofika uwanjani wakakuta rangi: nyekundu, buluu, manjano, zinapepea. Mwanzo walisimama mbali. Kahaso, jirani yake, kikongwe mwenye kichwa cheusi kama lami kwa kanta, ndiye aliyesogea kwanza.

"Pola, huyu mbona kavaa chupi juu ya suruali?"

"Hata mimi nimeuliza miaka yote, sijajibiwa."

Kicheko kikapasuka. Baada ya hapo nani angewazuia? Waliingia katikati ya kamba, wakaitana, wakabishana nani ana nguvu kuliko nani. Wale vijana watatu wa Kenga walikuwa miongoni mwao, wawili wakigombea ukurasa.

Kenga akafika na dumu la mafuta ya taa. Watu wakamfungulia njia.

"Mnacheka na uchawi?" akafoka. Akakibandua cha mwanzo wa kamba, kile kinene, akakitupa chini, akakimiminia mafuta, akawasha. Kilishika upesi.

Pola alipiga hatua moja mbele. Shekha alimshika kiwiko. Pola alikitazama kile kitabu kinavyojikunja, yule mume na mshipi wake, hadi kikawa jivu. Kisha alikwenda mwanzo wa kamba, akabana pale pale kitabu kingine.

"Umechoma kimoja," akasema. "Hivyo vilichomwa na watu wenye serikali na shule mikononi mwao, Kenga, na bado vimefika hadi Matsangoni. Haya, endelea. Ukimaliza vitabu nibakie mimi. Lakini sema mbele ya hawa wote, kwa jina lako, kwamba unamchoma dada ya baba yako kwa ajili ya shamba. Usimsingizie mganga."

Kenga alitafuta macho ya wale vijana watatu. Walikuwa wamegeukia kamba.

"Na kile alichokichoma kilikuwa kinasema nini?" Kahaso akauliza.

"Kilikuwa na mwanaume anayempiga mkewe kwa mshipi."

"Eeh. Akafanywa nini?"

"Njoo karibu nikwambie."

Wanawake walisogea wote. Jedida naye alitoka mlangoni kwake, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama usoni, akalichukua lile dumu mkononi mwake.

"Unalipeleka wapi?" Kenga akauliza.

"Jikoni. Wageni wote hawa hawajanywa chai, na mafuta nilinunua mimi."

"Shauri hili litakwenda kwa wazee!" Kenga akapaza sauti, lakini alikuwa akiliambia dumu linaloondoka.

"Litakwenda," Pola akamjibu. "Jumatatu nalipeleka mwenyewe kwa chifu, na Kahaso shahidi. Sasa sogea kidogo, mwanangu. Umewakinga watu mwanga, wanasoma."