Mji Mkuu wa Uturuki na Ukoo wa Mama Yangu

Nasimulia hili kwa sababu Kihonda nzima, hapa Morogoro, tayari wanalijua, tena wanalijua vibaya, wameongeza mbuzi ambaye hakuwepo na wanasema nilikimbia hadi barabarani, jambo ambalo si kweli, nilitembea. Afadhali basi mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeumbuka, mcheke mkiwa na habari kamili.

Mimi ni fundi simu. Kazi ya fundi simu ina muda mwingi wa kukaa tu ukisubiri betri ijae, na muda huo nilikuwa nautumia kusoma mambo ya dunia: nchi na miji mikuu yake, vita, wafalme, sayari, nyota. Kijiweni tunapokunywa kahawa, wakibishana kuhusu nchi fulani iko bara gani, walikuwa wananiachia mimi niamue kama hakimu, na ingawa jina langu ni Shabani wao wananiita Ulimwengu, na (nisiwafiche) jina hilo nilikuwa nalipenda kuliko lile alilonipa baba.

Zuhura nilimpata kwa mtindo huohuo. Alileta simu iliyopasuka kioo, akataja jina lake niliandike, nami badala ya kuandika nikamwambia kwamba Zuhura ni sayari, na siku moja ya huko ni ndefu kuliko mwaka wake mzima. Akasimama akasikiliza. Miaka miwili ikapita hivyo, mimi naongea yeye anasikiliza, nami nikaridhika kabisa kwamba haya ndiyo mapenzi yenyewe.

Tulipokubaliana kuoana akaniambia nipeleke posa kwao Mkuyuni, kwa mjomba wake Mzee Mkude, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya binti ni kaka wa mama yake. Mama yangu naye akaniambia, "Shabani, mpitie mjomba wako Salehe kule Kingolwira, muende naye." Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mjomba Salehe analima mchicha na bamia, anavaa kandambili hata msibani, na akianza habari za wahenga wake huwezi kumzima, na mimi nilitaka posa yenye hadhi. Kwa hiyo nikamruka, nikamchukua jirani yetu Mzee Kashindye awe mshenga, Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu, ana koti na ana sauti. Mama nikamwambia mjomba kabanwa na shamba. (Mungu anisamehe, hata kumpigia sikumpigia.)

Jumamosi asubuhi tukafika Mkuyuni. Mzee Kashindye kabla hatujapiga hodi akanishika bega akasema, "Kijana, leo wewe ni kama mzigo, umeletwa. Kazi yako ni kuamkia na kula. Maneno niachie mimi." Nikaitikia vizuri sana.

Tukakaribishwa sebuleni, wanaume tukakaa kwenye mkeka, wanawake wakawa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na humo ndani alikuwemo Zuhura pamoja na bibi yake. Tukaamkia, tukaletewa chai na mihogo ya kuchemsha, na Mzee Kashindye akaanza kuzunguka mbali kama washenga wanavyofanya, kwamba tumepita tumeona ua zuri, sijui kuku wetu kaingia kwenye ua hilo, yaani mambo yanakwenda kama maji ya mtelemko. Mzee Mkude akafurahi, akaanza kusifia ukoo wake, akasema wao si watu wa mchezo, wana kijana wao anasoma Uturuki. "Yupo palepale mji mkuu," akasema, "Istanbul."

Mkinipenda mtaamini kwamba nilijizuia. Niliuma muhogo. Nikaumeza. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, "Samahani mzee, mji mkuu wa Uturuki ni Ankara."

Mzee Kashindye alinifinya paja, nina hakika hata leo ukitazama utakuta alama. Mzee Mkude akaweka kikombe chini, akanitazama taratibu kuanzia soksi, kisha akatabasamu. "Kumbe mgeni wetu ana elimu," akasema. "Australia?"

"Canberra."

"Nchi gani imezungukwa na nchi moja tu pande zote?"

"Zipo kadhaa mzee, ila ya hapa kwetu Afrika ni Lesotho."

Basi hapo jamani nikapotea. Nilisahau kama nimekuja kuposa. Wazee waliokuwa pale nao wakaanza kuuliza, mmoja akataka sayari yenye miezi mingi kuliko zote nikamwambia Zohali, mwingine akauliza Waingereza waliingia Morogoro mwaka gani kumfukuza Mjerumani nikamwambia elfu moja mia tisa kumi na sita, majirani wakajazana dirishani, mtu mmoja akapiga makofi, nami nikawa najibu nimenyoosha shingo huku jicho moja liko kwenye pazia, nikiamini huko ndani Zuhura anajivunia mume. Mzee Kashindye peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa anakula mihogo mfululizo kama mtu anayejua kwamba chakula cha mchana hakitakuwepo.

Mzee Mkude akainua mkono watu wakanyamaza. "Umetushinda," akasema. "Sasa nakuuliza la mwisho, jepesi, la nyumbani. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nitawaeleza ukweli. Sikuwa najua. Nimezaliwa Kihonda, baba alifanya kazi kiwandani, habari za ukoo zilikuwa ni za wakubwa kwenye misiba. Mtu mwenye akili timamu angesema, mzee, hilo ngoja niwaulize nyumbani. Lakini watu wako dirishani, nimejibu maswali kumi na kitu bila kukosa hata moja, nitakwamaje kwenye swali jepesi? Nikapiga hesabu haraka. Mtoto ni wa ukoo wa mama, sawa. Tulipomzika babu yangu mzaa mama, nilisikia wazee wakisema amefariki mzee wa Wamwenda. Babu ni Mwenda, mama ni mtoto wake, mimi ni mtoto wa mama. Kwa hiyo nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya mtu wa redioni, "Mimi, mzee, ni Mwenda."

Nilitegemea makofi. Badala yake nyuma ya pazia kikaanguka kitu cha bati, na sauti ya bibi ikapaa, "Yarabi toba! Anataka kumuoa dada yake!"

Kumbe Zuhura na mjomba wake na bibi yake, wote ni Wamwenda. Na kwa Waluguru watu wa ukoo mmoja ni ndugu wa tumbo moja, hata kama hamjaonana tangu dunia iumbwe, kuoana ni mwiko. Yaani nimesafiri kutoka Kihonda, na koti la kuazima, na mshenga, na kanga za bibi kwenye mfuko, kuja kutangaza mbele ya kijiji kwamba mimi ni kaka wa mchumba wangu. Bibi akatoka nje ya pazia amejifunika uso, wazee wakasimama, huko dirishani watu wakawa wanawapa habari wale waliochelewa.

Hapo sasa ndipo mtu anatakiwa anyamaze. Mimi nikataka kutuliza hali. Nikasema, "Jamani, tusiwe na haraka, hata mafarao wa Misri ya kale walikuwa wanaoa dada zao."

"Basi nenda Misri ukaoe!" bibi akasema, akanitupia ukili wa mkeka aliokuwa anasuka.

Mzee Mkude akamgeukia mshenga wangu. "Mzee mwenzangu, mlikuja hapa bila kuulizana?" Na Mzee Kashindye, niliyemtegemea, akafuta midomo akasema, "Mimi ni Mnyamwezi. Ukoo wa huyu naujulia wapi? Nilidhani mtu anayejua miezi ya Zohali atakuwa anamjua mama yake."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa nimesimama, jasho linanitoka, nikaona wazi kabisa kwamba Zuhura ananitoka mkononi, na anatoka kwa sababu ya mdomo wangu. Nikapata akili moja tu, nikasema, "Mzee, pengine nimekosea." Mzee Mkude akanyoosha mkono. "Una mjomba? Mpigie. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Nikapiga. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umenikumbuka? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nauliza tu, sisi ni ukoo gani?"

Nikasikia jembe linawekwa chini. "Una umri gani wewe Shabani?" akasema mjomba. "Sisi ni Wachuma. Mimi Mchuma, mama yako Mchuma, bibi yako aliyetuzaa Mchuma."

"Na babu? Si alikuwa Mwenda?"

"Babu yako alikuwa Mwenda wa kwao, alikuja kwetu kuoa. Tangu lini ukoo ukapita kwa mwanamume? Mama yako naye si ana mama?" Kisha akashtuka. "Kwani uko wapi? Mbona nasikia watu?"

"Niko Mkuyuni, mjomba. Tumeleta posa."

"Posa ya nani?"

"Yangu."

Sebule nzima wakainamia simu. "Njia ya kwenye mchicha wangu unaijua," akasema mjomba hatimaye, polepole, bila hata kufoka, "ukiishiwa mboga unakuja na mfuko. Kwenye posa yako ndiyo umeona nakutia aibu." Akakata. Na hapo, katika mambo yote ya siku ile, ndipo niliposikia aibu ya kweli, maana nyingine ilikuwa ya kuchekwa na hii ilikuwa ya kuumiza.

Mzee Mkude akaketi tena. Hasira ilimwisha, akawa anatikisa kichwa tu. "Kwa hiyo babu yako alikuwa wa kwetu," akasema. "Basi wewe si ndugu, wewe ni mjukuu wetu, na mjukuu akija kuoa kwa babu yake huyo karudi nyumbani. Ungesema ukweli tangu mwanzo tungekupokea kwa vigelegele." Akaita, "Zuhura, njoo."

Zuhura akatoka, mtandio kichwani, hakunitazama. Mjomba wake akamuuliza kama desturi ilivyo, "Mwanangu, unawafahamu wageni hawa?"

"Mjomba," akasema, "kabla sijajibu naomba nimuulize swali moja, maana nimesikia leo ni siku ya maswali." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Mama yangu anaitwa nani?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta kichwani kote, nikakuta Canberra, nikakuta Zohali, nikakuta wafalme wa Ufaransa kwa mpangilio wao. Miaka miwili nimekaa na huyu mtu. Kwamba anaishi na bibi nilijua, ila kwa nini anaishi na bibi sikuwahi kuuliza. "Sijui," nikasema.

"Hajui," akamwambia mjomba wake, akarudi ndani.

Posa haikukataliwa wala haikukubaliwa. Tuliambiwa twende, na tukirudi turudi na mjomba. Nilipokuwa navaa viatu Zuhura akaja mpaka kibarazani, akasema kwa sauti ya chini, "Anaitwa Mwajuma. Unakumbuka siku uliyonisimamisha barabarani ukanieleza kupatwa kwa jua saa nzima? Nilikuwa natoka kwenye arobaini yake. Siku ile nilishukuru kupata mtu anayeongea bila kuniuliza kitu. Lakini Shabani, miaka miwili?"

Nikaondoka (kwa kutembea, narudia).

Mjomba Salehe nilimfuata Kingolwira kesho yake, nikalima naye siku tatu kabla hajanijibu salamu vizuri. Baadaye tulirudi Mkuyuni, yeye na kandambili zake mbele, akaongea habari za wahenga tangu asubuhi hadi adhuhuri na Mzee Mkude akawa anamwomba aendelee, mimi kazi yangu ikawa kuamkia na kula. Posa ikapokelewa. Tangu hapo nimejiwekea nadhiri kwamba sijibu swali la mtu mpaka nimemuuliza habari za kwao, na kijiweni wanalalamika kwamba nimeharibika, mtu anataka kujua mji mkuu wa Peru nami namuuliza mama yake hajambo.

Ndoa ni baada ya mavuno. Jumamosi iliyopita nilikwenda Mkuyuni peke yangu, Zuhura akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la mama yake, nikavua shati nikapalilia majani yote. Kisha tukakaa pale kwenye kivuli, nikamwambia anisimulie, na alisimulia mpaka jioni.