Ngurumo Ndani ya Simu

Ngurumo ya kwanza niliyoipenda maishani ilitoka ndani ya simu. Ilikuwa kipupwe, likizo ya Juni, anga la Kariakoo halina wingu, na chini ya ngazi zetu wabeba mizigo walikuwa wakisukuma mikokoteni na kuomba njia. Bi Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya juu, aliyeuza vitambaa mkabala na duka la ndoo la baba, aliweka simu mezani katikati ya vikombe vya kahawa, tukasikiliza mvua ikipiga bati huko Omani. Mdogo wake, Bi Nasra, aliolewa huko, katika kijiji kilichobanwa kati ya milima na jangwa. Majira hayo mawingu yalijikusanya juu ya milima yao karibu kila mchana, naye alitutumia habari za anga kama wengine wanavyotuma salamu.

Nilikuwa na miaka kumi na hofu za mtu mzima. Bi Zuhura alinipa daftari nitabiri kila asubuhi, ngurumo au hapana, na jioni Bi Nasra alituletea jibu. Kwa wiki mbili niliandika "ngurumo" kila siku, maana niliona afadhali nikosee watu wakiwa wakavu kuliko wakiwa wameloa. Baba akaanza kuniita Redio Mvua. Bi Zuhura alipopitia kurasa zile alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mwanangu, hapa hujatabiri. Umeogopa tu, tena kwa mwandiko mzuri."

Akaniambia niache kutabiri kwanza, niandike anachokiona mdogo wake: upepo umetoka wapi, mawingu yameanza saa ngapi, yamelala au yamesimama. Polepole daftari likaanza kusema. Ukivuma upepo mkavu wa jangwani, mawingu yalitawanyika. Ukifika unyevu wa baharini asubuhi, na mawingu yakasimama kama marobota ya mitumba kabla ya adhuhuri, alasiri haikupita bila radi. Siku niliyoandika "hapana" yangu ya kwanza nilishindwa kula mchana kutwa. Haikunyesha. Nilishuka ngazi nikiimba.

Mwishoni mwa msimu Bi Nasra akakata tiketi ya kuja Dar, mara ya kwanza tangu aolewe. Njia ya kwenda uwanja wa ndege ilivuka bonde kavu ambalo, mvua ikinyesha milimani, hugeuka mto ghafla, kuliko hata bonde letu la Jangwani hapa Dar. Mwanawe alipanga waondoke baada ya sala ya alasiri. Asubuhi ya safari ujumbe ukaja: upepo wa bahari, mawingu yamekwisha kusimama. Nilipekua daftari mara tatu, nikiogopa kwamba ni ile hofu yangu ya zamani imerudi. Kila siku iliyofanana na hiyo ilikuwa imeleta ngurumo. Nikapanda kwa Bi Zuhura na daftari mkononi.

"Unaogopa, au umeona?"

"Vyote viwili, Bibi."

Akachukua simu, akampigia mdogo wake na kumwambia waondoke sasa hivi, sala wataswali njiani. Nilimsikia yule mwana akilalamika kwamba safari yao inapangwa na mtoto wa muuza ndoo. Alasiri, Bi Nasra akiwa ameshafika uwanjani, majirani zake walimrushia sauti ya bonde likivuma, magari yamekwama ng'ambo. Akaturushia na sisi. Bi Zuhura aliisikiliza akilia na kucheka kwa pamoja. Kesho yake mama mmoja mnene, viatu vimejaa vumbi, alipanda ngazi zetu akihema, na kabla hata ya kumkumbatia dada yake akauliza, "Redio yuko wapi?"

Siku hizi simu yangu hunipa hali ya hewa ya kila saa, nami huisoma mara nne kabla ya kuanika nguo. Nimemaliza chuo, natafuta kazi. Leo asubuhi nilitoka kwenda kwenye usaili nikiwa na mwavuli, koti na viatu vya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye ngazi nikakutana na Bi Zuhura, sasa anatembea na mkongojo. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akautazama mwavuli, akaniuliza swali lile lile.

Nikachungulia dirishani, upande wa bandari. Mawingu machache, yamelala. Nikamwachia Bibi mzigo wote, nikashuka ngazi mikono mitupu, nikiimba.