Kila Saa Nane

Chuoni walimwita Karani, maana hata akitaniwa alichomoa daftari. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea mawasiliano ya afya na ustawi wa jamii, na mwalimu alimpa utafiti ambao wenzake waliumezea mate: aandike ujumbe wa simu wa kuwakumbusha wagonjwa wa kifafa dawa zao, kisha awatembelee na kuuliza kama unawafaa. Bahasha za dawa zilisema "kutwa mara tatu". Yeye aliona hayo ni maneno ya kizee. Akaandika: "Ndugu, meza kidonge kimoja kila saa 8." Aliusoma kwa sauti, ukakaa sawa kama mshororo uliotimia mizani. Kliniki ikautuma kwa watu arobaini na mmoja, kila asubuhi, wiki tatu.

Alianza kwa kumtembelea fundi wa paa. Alimkuta mlangoni anakunywa chai kwa haraka, kofia ya kazi kichwani, ngazi imeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari wangu! Uliza upesi, ghorofa mbili za watu zinaningoja bila bati."

"Ujumbe wetu unakufikia?"

"Unanifikia, na sijakosa hata siku moja. Saa nane mchana, saa nane usiku. Huyu mama ananitikisa kama mti wenye matunda."

Karani akaandika *hajakosa*. Kalamu ikasita.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nimeze nini? Si mmesema kila saa nane? Saa nane ziko mbili tu, labda chuo kikuu mna ya tatu."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, hakucheka. "Nilimwambia, mbona zamani vilikuwa vitatu? Akanijibu wasomi wamepunguza." Akafungua droo, akatoa bahasha. Karani akavihesabu vidonge vilivyozidi kwenye kiganja: ishirini na kimoja, kimoja kwa kila siku.

"Umeona chochote kigeni siku hizi, mzee?"

"Mimi? Mzima kama chuma."

"Chuma!" mke akasema. "Juzi kijiko kimekutoka, umeukodolea macho ukuta, tunakuita husikii."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza na mate yanakutoka?"

Fundi akakung'uta kikombe, akaweka bega chini ya ngazi. Barabarani wenzake walipiga honi. Karani aliiona ile ngazi ikinyanyuka, na shingo ya mwanamume chini yake, nyembamba kuliko alivyodhani.

"Mzee, leo usipande."

"Kwenye karatasi yako kuna swali hilo?"

Halikuwepo. Mwalimu alikuwa ameonya zaidi ya mara moja: mtafiti ni sikio, si mdomo, ukimwelekeza mgonjwa, umeharibu matokeo. Na matokeo yake yalikuwa mazuri mno. Hajakosa hata siku moja.

Honi ikalia tena. Fundi alikwisha kuvuka kizingiti.

"Ujumbe ule niliandika mimi," Karani akasema. "Nilitaka kusema kila zikipita saa nane. Nimekosea. Dawa imekupungukia siku ishirini na moja, na huko juu ukikodoa macho kama juzi, hutarudi."

Ngazi ikatua. Fundi alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya mwingine.

"Wewe?"

"Mimi."

Fundi akakaa kizingitini, akavua kofia. Mkewe akatoka akawaambia wenzake waende. Muuguzi wa kliniki, Karani alipompigia, alisema mzee aletwe sasa hivi.

"Wengine wako wangapi?" mke akauliza, akimvisha mumewe viatu vingine.

"Arobaini."

"Basi unangoja nini hapa?"

Alianza kuwapigia simu pale pale, daftari juu ya magoti. Wa kwanza alijibu kwa fahari: saa nane, mwanangu, barabara kabisa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alisema siku hizi kichwa chepesi, kinaelea. Karani aliwaelekeza wote kliniki, akiweka alama kando ya kila namba.

Ya tisa iliita hadi ikakaribia kukatika. Akapokea mwanamke, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakilia kwa pamoja.

"Habari, napiga kutoka mradi wa kliniki. Namwomba mwenye simu."



"Kliniki?" mwanamke akasema taratibu. "Mmejuaje mapema hivi?"