Pembe Iliyofukizwa Udi

Harufu ya pembe inayochemka simtakii hata adui. Si nyama iliyooza wala si nywele zilizoungua, ni zote mbili pamoja, na hukuganda kooni kama mafuta ya mkia wa kondoo yaliyopoa. Niliijulia mtaa wa Qurum, miaka ya tisini, nilipokuwa dereva wa familia ya Kiyahudi iliyohamia Maskat kutoka Nairobi. Skuli niliikimbia mapema, na toka hapo sikukaa pahala pamoja. Pale nilidumu kwa sababu ya binti yao. Alikuwa na miaka tisa na maswali mengi kama yangu.

Siku moja, namrudisha kutoka skuli, akaniambia, "Anko, nitafutie pembe ya kondoo. Dume."

"Ya nini?"

"Ya Baba. Mwaka wetu mpya unafika. Nairobi pembe ilikuwa inapigwa sinagogi. Huku hakuna, na mwaka jana aliketi tu kwa kiti asubuhi yote, hataki kuongea. Nataka kumtengenezea yake."

"Ya ng'ombe haifai? Kubwa ile."

"Imekatazwa. Sababu ya ile ndama ya dhahabu."

"Ndama wa watu wa Musa?"

"Kwani unaijua?"

"Nani asomjua?"

Mchinjaji wa Matrah akanipa kichwa kizima katika mfuko wa plastiki, macho wazi, ulimi nje. Kikavuja ndani ya buti la gari. Nikazikata pembe mbili, kichwa nikakitupa. Kazi iliyobaki mtoto akasema ni yake, mimi nishike koleo tu.

Tulichemsha nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, kwa sufuria niliyoitoa kwetu Bawshar na ambayo haikurudi tena jikoni. Ndani ya pembe mna mfupa, na baina yake na pembe mna utando. Utando huo ukichemka huwa makamasi. Mfupa ulipochomoka ulilia kama mguu unaotoka topeni, na maji yake yakamrukia mtoto mdomoni. Akajifuta kwa bega, akaendelea. Mimi nilikuwa nshainama ukutani natapika.

"Anko, wewe mwoga sana."

"Mwoga wa nini? Ni tumbo tu."

Pembe ya kwanza ilipasuka alipoitoboa ncha kwa waya wa moto. Ya pili ikakubali. Akaisugua kwa msasa mpaka vidole vikamchubuka, ikang'aa, lakini ilinuka vilevile. Hapo nikaleta maarifa ya kwetu. Sisi kila kitu tunakifukiza: nguo, mgeni, mzazi aliyejifungua, maiti. Nikachukua chetezo cha mama yangu, nikatia makaa na udi, nikaiweka pembe juu yake.

Nyama iliyobaki ndani ikaiva. Udi ukaingia katika uvundo, kikatoka kitu kama bwana harusi aliyekufa wiki iliyopita. Mtoto akainusa, akanitazama.

"Umeiharibu," akasema. "Na ni kesho."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliiosha kwa siki, kisha kwa dawa ya meno, na kila alipoosha ndipo ilipozidi.

Asubuhi mama yake akafunga madirisha, kwa sababu mambo ya dini yao hawakupenda yafike kwa majirani. Mtoto akaniita nisimame mlangoni pa ukumbi. Baba akaifungua zawadi. Nilimwona akikunja pua kabla hajaifikisha mdomoni. Mtoto hakuwa akitazama pembe. Alikuwa akitazama uso wa baba yake, hapepesi.

Pumzi ya kwanza ilitoa mate matupu. Ya pili ikatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Ya tatu ikaja yenyewe, ndefu, yenye mikwaruzo, na yule baba akafumba macho, akapiga tena na tena, jasho likimtiririka. Kila alipovuta pumzi alikuwa akiuvuta ule uvundo, na mimi nikijiziba pua kwa niaba yake.

Alipopumzika, mtoto akasema kwa haraka, "Inanuka kwa sababu ya Anko."

"Inanuka?" akauliza baba. Tone la maji ya kahawia lilikuwa likimning'inia mdomoni. Hakulifuta. Akairudisha pembe kinywani, nami nikatoka nje mbio.